Kujenga Kazi ya Uwakala wa Ardhi na Majumba: Malindi au Jiji Kubwa?

Kijana wa Malindi anayetaka kuishi kwa kuuza na kupangisha majumba huulizwa swali moja na kila mtu wa nyumbani: mbona usiende Mombasa au Nairobi, waliko watu? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 119,859 katika mji wa Malindi, 1,208,333 Mombasa na 4,397,073 Nairobi. Anayetazama idadi ya vichwa peke yake ataona kwamba Mombasa ni Malindi mara kumi, na Nairobi ni Malindi zaidi ya mara thelathini na sita, kisha atafunga mzigo. Lakini hesabu hiyo haisemi ni mawakala wangapi wanaogombea vichwa hivyo, wala haigusi jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloitenganisha kazi hii kati ya jiji na mji mdogo, nalo ni mahali habari za mali zinapokaa. Jijini, habari nyingi za nyumba hukaa kwenye mafaili, kwenye mifumo ya kompyuta na kwenye meza za kampuni za ujenzi. Malindi au Lamu, nusu ya habari hizo hukaa vinywani mwa watu. Wakala hulipwa kwa sababu anajua kile ambacho muuzaji na mnunuzi hawakijui, na namna ya kukijua ndiyo inayoamua uanzie wapi, uanze na kazi gani, na usubiri muda gani kabla ya kupata pesa ya maana.

Sheria ni moja popote utakapokaa

Kabla ya kuchagua mji, elewa kwamba sheria haitofautishi Kilimani ya Nairobi na Kisumu Ndogo ya Malindi. Sheria ya Mawakala wa Majumba, Sura ya 533, inamtaka kila anayefanya kazi hii kwa malipo awe amesajiliwa na bodi iliyoundwa na sheria hiyo, na bodi huangalia elimu yako na uzoefu wako. Ni kweli kwamba barazani kumejaa madalali ambao hawajawahi kuiona fomu ya bodi, na baadhi yao ni watu waaminifu wanaoijua ardhi ya mtaa wao kuliko mhitimu yeyote wa chuo. Hata hivyo, anayenuia kujenga kazi ya miaka thelathini asijifananishe nao, kwa sababu siku biashara itakapoharibika na mambo yakafika kwa polisi au mahakamani, swali la kwanza litakuwa usajili wako. Njia ya kawaida ya kuingia ni kufanya kazi chini ya wakala aliyesajiliwa huku ukisoma, kisha ukaomba usajili wako mwenyewe.

Jambo la pili ni pesa za watu. Fungua akaunti ya benki ya pesa za wateja peke yake, na usiruhusu kodi ya mpangaji au amana ya mnunuzi ipitie kwenye simu yako, hata kama mteja mwenyewe anakusihi umtumie kwa njia hiyo. Vilevile, sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha ya mwaka 2009 inawahesabu mawakala wa majumba miongoni mwa wanaopaswa kumtambua mteja na kutoa taarifa ya malipo yanayotia shaka. Mnunuzi anayekuja na mkoba wa noti na hataki kuonyesha kitambulisho si bahati, hata kama msimu umekuwa mbaya.

Jijini: jifunze utaratibu, kisha chagua kipande chako

Faida kubwa ya jiji kwa anayeanza ni kwamba utamkuta mtu wa kukufundisha. Mombasa na Nairobi kuna kampuni zilizosajiliwa zenye idara ya mauzo, idara ya upangishaji na idara ya usimamizi wa majumba, na katika miezi sita utaona mikataba mingi kuliko utakayoiona Malindi kwa miaka mitatu. Utajifunza kuandika ripoti ya ukaguzi wa nyumba, kuweka hesabu ya mwenye nyumba hadi senti ya mwisho, na kumjibu mteja siku ileile. Utaona pia jinsi ghorofa moja inavyogawanywa kuwa milki nyingi chini ya Sheria ya Milki za Sehemu ya mwaka 2020, jambo ambalo Malindi halijawa la kila siku lakini linakuja. Nairobi ndiko mfumo wa Ardhisasa, ule wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, ulikoanzia mwaka 2021, na wakala aliyezoea kuomba upekuzi wa hati kwa kompyuta hufanya kwa dakika chache kazi ambayo zamani ilimlazimu kupanga foleni.

Kosa la wengi wanaokwenda jijini ni kutaka kuuza kila kitu. Jiji ni kubwa mno kwa mtu mmoja kulijua, na mteja wa jijini haulizi wewe ni mtoto wa nani; anauliza ni nyumba ngapi za aina anayoitaka umezishughulikia mwaka huu. Kwa hiyo chagua kipande kidogo ukimiliki: vyumba vya kupanga Bamburi, kwa mfano, au nyumba za familia Nyali, au maduka ya chini ya ghorofa katikati ya mji. Tembea mitaa ya kipande hicho kwa miguu mpaka ujue jengo lipi lina shida ya maji, lipi lina lifti inayokwama, na lipi linamilikiwa na ndugu wasioelewana. Ukiulizwa nje ya kipande chako, mpeleke mteja kwa mwenzako mkiwa mmekubaliana mgawo kwa maandishi.

Uchungu wa jiji ni mgawanyo wa pesa. Chukua mfano wa nyumba ya milioni 12 iliyouzwa kwa kamisheni ya asilimia 3, ambayo ni shilingi 360,000. Ikiwa muuzaji aliletwa na kampuni yenu na mnunuzi akaletwa na kampuni nyingine, nusu inakwenda kwao, na zinabaki 180,000. Ikiwa kampuni yako inakupa asilimia 40 ya kilichoingia, mkononi unapata 72,000 kabla ya kodi, baada ya miezi minne ya kupeleka watu, kusubiri mkopo wa benki na kumtuliza muuzaji. Sisemi hayo kumkatisha mtu tamaa. Nasema ili asije akasikia milioni 12 akaandika bajeti ya harusi.

Malindi: mambo ambayo hati haikwambii

Katika mji mdogo, utaratibu wa kisheria ni uleule: unafanya sachi, yaani upekuzi wa hati, kwa msajili wa ardhi, unathibitisha kwamba kodi ya ardhi ya kaunti imelipwa, unampeleka mpima ahakikishe bikoni, yaani alama za mipaka, mawakili wanaandika mkataba, mnunuzi analipa amana ambayo kwa desturi ni asilimia 10, na bei iliyobaki inakamilishwa katika muda uliokubaliwa. Wakala mgeni hufuata hatua hizo zote kikamilifu na bado huanguka, kwa kuwa ardhi ya Pwani ina historia ambayo haikuandikwa yote.

Mwaka wangu wa kwanza wa uwakala nilimpeleka mnunuzi kutoka Nairobi kwenye shamba la ekari mbili nje ya mji, njia ya Ganda. Hati ilikuwa safi, sachi ilikuwa safi, na bikoni zote nne zilionekana baada ya kufyekewa majani. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mwembe alitusikiliza tukisifu udongo na ukaribu wa barabara, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, shamba umeliona. Na minazi je, umewauliza wenyewe?” Minazi kumi na saba iliyokuwa katikati ya shamba ilikuwa ya familia nyingine. Babu wa muuzaji alikuwa ameiweka rehani miaka mingi iliyopita, deni halikulipwa, na tangu wakati huo watoto wa mdai walikuwa wakija kuangua nazi bila mtu kuwazuia. Katika desturi za Pwani, mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe, na karatasi ya msajili haikuwa na neno lolote juu ya minazi. Mnunuzi alirudi Nairobi jioni ileile. Mimi nilibaki na nauli ya tuktuk niliyomlipia, na kwa miezi kadhaa nikaitwa “yule wa shamba lisilo minazi”.

Tangu siku hiyo nina daftari, na ninamshauri kila anayeanza Malindi awe na lake. Gawanya kurasa kwa mitaa na vijiji: Shella, Barani, Maweni, Muyeye, Mtangani, Casuarina, Mayungu, Mambrui. Kila unaposikia habari ya kiwanja, andika nani alikuwa nacho, alikiuza kwa nani, kuna kaburi au hakuna, nani hupita ndani yake kwenda kisimani, nani huvuna miti yake, na ni mzee gani aliyekwambia. Usiulize kama mpelelezi. Kaa, nunua kahawa, sikiliza mazungumzo yafike yenyewe, na mtu akikueleza mgogoro wa familia yake, usiutumie kama chombo cha kushusha bei. Baada ya miaka miwili daftari hilo litakuwa na thamani kuliko afisi yenye kiyoyozi, na hakuna mshindani kutoka nje anayeweza kulinunua.

Yako mambo manne ambayo lazima yapate nafasi katika daftari hilo, kwa sababu ndiyo yanayoangusha mauzo mengi hapa.

La kwanza ni nyumba bila ardhi. Katika mitaa ya zamani, kama ilivyo Majengo ya Mombasa, mtu anaweza kumiliki nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi wake katikati, hali kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba ya namna hiyo huuzwa na kununuliwa, lakini mnunuzi asipoelezwa atadhani amenunua vyote viwili. Omba risiti za kodi ya kiwanja, mwone mwenye kiwanja ana kwa ana, na ukubaliano wa kumpokea mpangaji mpya uandikwe kabla pesa hazijatoka.

La pili ni watu wanaoishi juu ya ardhi ambayo hati yake iko kwa mwingine. Chanzo chake ni cha zamani: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka waliodai ardhi katika ukanda wa Pwani wapeleke madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi wa Wamijikenda hawakupeleka madai, na vizazi vyao wamebaki wakilima mashamba ya babu zao wakiitwa maskwota. Sheria ya ukomo wa madai nayo inamruhusu aliyekaa kwenye ardhi ya mtu kwa zaidi ya miaka 12, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyopo hapa Malindi ina kazi nyingi kwa sababu ya mambo kama hayo. Kwa hiyo usiuze ardhi kwa kuangalia hati ukiwa umekaa mezani. Nenda saa za asubuhi, wakati moshi wa jikoni unaonekana, uhesabu ni nyumba ngapi zimo ndani ya mipaka.

La tatu ni mirathi. Mwislamu anapofariki, mali yake hugawanywa kwa mafungu yanayojulikana: mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Kiwanja cha mita chache kinaweza kuwa na wenyewe kumi na mmoja, mmoja yuko Muscat, mwingine amefariki na ana watoto wake, na wa tatu ndiye huyo aliyekuja kwako akisema “nyumba ni yangu, niuzie”. Mpeleke kwanza Mahakama ya Kadhi wapate uamuzi wa warithi. Kwa wasio Waislamu, subiri hati ya usimamizi wa mirathi ithibitishwe na mahakama, kwani kuuza mali ya marehemu kabla ya hapo ni kosa la jinai. Uliza pia kama mali imewekwa wakfu, maana iliyo wakfu haiuzwi, na hakuna ustadi wa wakala utakaobadilisha hilo. Idhini ya mke au mume wa muuzaji nayo usiisahau, ikiwa nyumba ni ya ndoa.

La nne linaihusu Malindi kuliko miji mingi ya Kenya: wageni. Waitaliano wamekuwa wakinunua na kujenga hapa kwa miongo mingi, hadi muuza samaki sokoni anahesabu kwa Kitaliano, na wakala anayejua lugha hiyo amekwisha kupata nusu ya riziki yake. Lakini lugha bila sheria ni hatari. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa muda usiozidi miaka 99 tu, na kampuni huhesabiwa kuwa ya raia pale tu ambapo hisa zake zote ni za raia. Wapo wageni wenye nyumba ambao bado wanakuonyesha karatasi ya zamani ya milki ya kudumu wakiamini haijaguswa. Shamba la kilimo lina kizuizi zaidi: kila mauzo yanahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba, na bodi hukataa pale mnunuzi si raia. Mgeni akikwambia ataandikisha shamba kwa jina la mpenzi wake wa hapa, mpeleke kwa wakili mkiwa wote watatu, kisha ukae pembeni. Nimeyaona mapenzi yakiisha kabla ya ukuta wa ua kukamilika.

Neno juu ya Lamu

Anayefikiria Lamu ajue kwamba mji mdogo haufanani na mji mdogo mwingine. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na nyumba zake za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko haziguswi kiholela. Anayenunua akidhani atavunja ukuta aweke dirisha la kioo, ni wajibu wako kumwambia mapema kwamba lazima kwanza apate kibali. Wakala wa huko asiyeijua daka, kiwanda, msana na ndani, zile sehemu za nyumba ya mawe kuanzia mlangoni hadi vyumba vya ndani, hawezi kumpitisha mteja katika nyumba na kumweleza anachokiona. Wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba hii hadi ile, kina maswali yake: ni cha nyumba ipi, na nani hulipia ukarabati wake? Gharama ya ukarabati yenyewe hupanda kwa sababu saruji na mchanga hufika kwa chombo na kumalizia safari kwa punda.

Upande wa bara ya Lamu kuna hadithi nyingine. Bandari mpya ilifunguliwa Mei 2021, lakini walanguzi walikwisha kufika miaka mingi kabla yake, na mwaka 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za takriban ekari 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Wakala kijana anayevutwa na uvumi wa mradi mkubwa akumbuke idadi hiyo anapoambiwa kwamba hati ipo tayari na bei itapanda kesho.

Pesa na misimu

Malindi, mauzo moja ni madogo lakini huenda yakawa yako yote. Ploti ya shilingi 800,000 kwa udalali wa asilimia 5 inakupa 40,000 bila kugawana na kampuni. Shida ni kwamba ploti hizo haziji kwa mpangilio. Wageni wa Ulaya hufika zaidi kuanzia Julai hadi Septemba na tena kuanzia Desemba, wakati wa kaskazi. Mvua za masika zinapoingia Aprili na Mei, hoteli nyingi hufunga, na hata simu yako hupumzika. Anayetegemea mauzo peke yake hukopa kila masika na kulipa kila Agosti.

Kwa sababu hiyo ninashauri kwamba katika mji mdogo uanze na usimamizi wa majumba, hata kama ndoto yako ni kuuza. Nyumba 15 za kupanga zenye kodi ya 8,000 kila moja hukusanya 120,000 kwa mwezi, na kwa ada ya asilimia 10 unapata 12,000 zisizotegemea mvua wala jua. Ada hiyo ni ndogo, lakini inalipa umeme wa afisi, na muhimu zaidi inakuweka ndani ya nyumba za watu, ambako ndiko utakakosikia wa kwanza kwamba mwenye nyumba anataka kuuza. Waeleze wenye nyumba pia juu ya kodi ya mapato ya upangishaji, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya pesa zote za upangishaji zinazokusanywa, kwa wanaopata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Wengi hawaijui mpaka wapate barua.

Nyumba za wageni za ufukweni zina kazi zaidi na ada nzuri zaidi. Mwenyewe yuko Milano miezi tisa, na wewe ndiye unayejibu juu ya mtunza bustani, maji ya bwawa, jenereta, na chumvi ya bahari inayokula bawaba za milango mpaka mlango unabaki mkononi. Panga siku moja ya wiki ya kuzizungukia zote, fungua kila mfereji wa maji, washa kila taa, piga picha ya paa la makuti kutoka ndani wakati jua liko juu, kwa sababu tundu linaloonyesha mwanga Februari ndilo litakaloleta maji Aprili. Picha hizo zitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo pamoja na hesabu ya gharama. Kazi hiyo ya Februari ndiyo iliyonipa mimi nyumba tatu zaidi, maana mwenyewe aliwaonyesha majirani zake.

Unapompigia mnunuzi hesabu, usimtajie bei peke yake. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 katika maeneo ya mji na asilimia 2 mashambani, kwa hiyo ploti ile ya 800,000 iliyo ndani ya mji inaongeza 32,000, mbali na wakili na mpima. Muuzaji naye aambiwe kwamba kodi ya faida inayotokana na kuuza mali imekuwa asilimia 15 tangu mwanzo wa mwaka 2023, kutoka asilimia 5. Mauzo mengi huvunjika wiki ya mwisho kwa sababu mtu amegundua gharama ambayo wakala aliogopa kuitaja.

Jina lako katika mji ambao kila mtu anakujua

Jijini, mteja uliyemkasirisha hupotea katika umati, na wewe unatafuta mwingine. Malindi, mteja huyo ataswali nawe Ijumaa, na dada yake anafanya kazi benki unakopeleka wateja wako wa mikopo. Hilo linakata pande mbili. Ukimrudishia mtu amana yake bila kusumbuliwa pale ambapo mauzo yameshindikana kwa haki, habari hiyo itatembea bila tangazo lolote. Ukificha kasoro moja, itatembea kwa kasi zaidi.

Ugumu mkubwa zaidi ni jamaa. Mjomba atakuomba uuze shamba lake bila udalali, na rafiki wa utotoni atataka nyumba kwa bei ya udugu. Weka kanuni mapema: punguza ada yako ukipenda, lakini karatasi ziwe zilezile, sachi ileile, akaunti ileile. Mwambie kwa heshima, “Mjomba, nikikufanyia bila karatasi nitakuwa nimekukosea wewe.” Atanuna kidogo, kisha ataleta hati.

Matangazo nayo hutofautiana. Jijini utalipia mitandao, utapiga video, na utashindana kwa picha. Malindi, ubao mmoja barabarani wenye nambari ya simu na hali ya WhatsApp yenye watu mia tatu wa kweli vinatosha kwa wanunuzi wa hapa, ila kwa mnunuzi wa Nairobi anayetafuta nyumba ya likizo unahitaji picha za kiwango cha jiji hasa: asubuhi, nyumba imesafishwa, vipimo vya vyumba vimeandikwa, na umbali wa barabara ya lami umetajwa kwa ukweli. “Hatua chache kutoka baharini” ikiwa ni kilomita mbili, utamwona mteja akigeuza gari palepale.

Kuhama, au kubaki na kushirikiana

Kwa asiye na mwalimu nyumbani, maoni yangu ni kwamba aende jijini miaka miwili au mitatu akiwa bado hana familia ya kulisha, ajifunze utaratibu na apate usajili, kisha arudi. Kwa aliye na mzazi au mjomba dalali mwenye jina zuri, safari hiyo si ya lazima. Akae naye, aandike daftari, na masomo ayafuate kwa likizo na mtandao. Anayekuja Malindi kutoka bara bila mwenyeji yeyote ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, na ningemshauri asifungue afisi mwaka wa kwanza: afanye kazi chini ya mtu wa hapa, apange nyumba mtaani badala ya ufukweni, na aache watu wamzoee.

Mawakala waliotawanyika, mmoja Nairobi na mwingine Malindi, wanaweza kufanya kazi kama timu, kwa kuwa wanunuzi wengi wa ploti zetu sasa wanatoka huko, wakifika kwa treni hadi Mombasa na kwa barabara kilomita 120 zilizobaki. Andikeni mgawo kabla mteja hajapanda treni. Taja nani anafanya sachi, nani anamlipa mpima, nani anamtembeza mteja, ada inagawanywa vipi ikiwa mteja atanunua ploti nyingine miezi sita baadaye, na nani anarudisha gharama ikiwa hatanunua kabisa. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha. Siku mteja anapofika, mpeleke shambani asubuhi, na kabla ya kuanza kusifu udongo, mtafute mzee wa chini ya mwembe, umwamkie, na umwache aseme yeye kwanza.